Seli Kujisafisha na Kuzeeka kwa Seli Shina: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninafundisha baiolojia hapa Dodoma, na mara nyingi ninaalikwa kuzungumza na wanafunzi, vikundi vya wazee na wakati mwingine waumini baada ya ibada. Nikigusa habari ya seli kuzeeka, maswali ni yaleyale, kuanzia Chamwino hadi Kondoa. Nimeyaweka pamoja hapa. Jibu lililokwisha kutolewa sikulirudia. Nimeonyesha swali la kutazama.

## Misingi

1. Seli shina ni nini, kwa maneno ya kawaida?

Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa. Ili damu isipungue, mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban chembe bilioni 200 mpya kila siku. Chanzo chake ni seli chache zinazokaa ndani ya uloto, ule utomvu wa katikati ya mifupa. Hizo ndizo seli shina za damu. Seli shina ikigawanyika inaweza kutoa nakala yake yenyewe, na inaweza pia kutoa seli itakayokwenda kuwa kitu kingine. James Till na Ernest McCulloch wa Toronto, Kanada, ndio walioonyesha kwa majaribio ya panya mwaka 1961 kwamba seli za namna hii zipo kwenye uloto. Baadaye zikajulikana za misuli, za ngozi, za utumbo, na hata za sehemu chache za ubongo.

Huku kwetu nikieleza ninatumia mbegu ya mtama. Familia inakula mtama mwaka mzima, lakini kuna masuke yaliyochaguliwa wakati wa mavuno na kuning'inizwa juu ya moshi wa jikoni. Hayaguswi hata njaa ikibisha hodi, maana yanangoja mvua za Desemba. Seli shina nyingi huishi hivyo: zimelala, hazigawanyiki, zinatumia nguvu kidogo sana. Mtu akiumia au akipoteza damu, ndipo baadhi huamka.

2. Na huko "kujisafisha kwa seli" ni kitu gani?

Ndani ya seli vitu vinachakaa. Protini zinajikunja vibaya na kushikamana mabonge. Mitokondria, yaani vinu vinavyoipa seli nguvu, vinachoka na kuanza kuvujisha kemikali kali zinazounguza kila kilicho jirani. Seli inayo njia ya kushughulikia uchafu huo, na wanasayansi wanaiita otofaji, neno lenye asili ya Kigiriki lenye maana ya kujila.

Kazi inakwenda hivi. Utando mwembamba unajitokeza karibu na taka, unazizunguka na kuzifunga kabisa kama mtu anavyofunga mzigo kwenye kitenge. Fungu hilo linasafirishwa hadi kwenye lisosomu, kifuko chenye tindikali na vimeng'enya vya aina kadhaa ambavyo vinakata karibu kila kitu. Vipande vinavyopatikana vinarudishwa kutumika upya.

Wanafunzi hupenda kulinganisha na gari la taka linalopita mitaani kwenda dampo la Chidaya. Mfano huo unasaidia mwanzoni, lakini unaishia njiani, kwa sababu lisosomu haifukii taka. Mfano wa karibu zaidi ni wale wanunuzi wa vyuma chakavu: sufuria iliyotoboka inayeyushwa na kurudi sokoni ikiwa sufuria mpya. Ndiyo maana seli huongeza kazi hii ikikosa chakula. Inapata usafi na inapata malighafi kwa wakati mmoja.

3. Nani aligundua jambo hili?

Christian de Duve, Mbelgiji aliyegundua lisosomu katika miaka ya 1950, ndiye aliyelipa jina mwaka 1963. Lakini kwa karibu miaka 30 hakuna aliyejua ni jeni zipi zinaendesha kazi hiyo. Yoshinori Ohsumi wa Japani alitumia hamira, kiumbe cha seli moja. Alichukua hamira iliyokosa vimeng'enya vya kukatia, akainyima chakula kwa saa chache, na mafungu ya taka yakaanza kujazana kiasi cha kuonekana kwa hadubini. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Akatafuta hamira zenye hitilafu, zisizojaza mafungu hayo, na kupitia hizo akazipata jeni zinazohusika. Alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2016.

Ninapenda kuwaambia wanafunzi wangu kwamba hamira hiyo ni jamaa wa ile inayoumua maandazi nyumbani kwao.

4. Kwa nini seli shina ihitaji usafi kuliko seli nyingine?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aliulize, kwa sababu humo ndimo kiini cha mada nzima.

Seli ya ukuta wa utumbo huishi siku chache tu. Ikichafuka, inadondoka na uchafu wake, na habari imekwisha. Seli inayogawanyika haraka nayo ina unafuu wake: kila ikigawanyika, mzigo wa taka unapungua kwa kugawanwa na seli mbili. Seli shina iliyolala haina njia yoyote kati ya hizo. Inaweza kukaa muda mrefu sana bila kugawanyika, na taka inayozalishwa leo, hata iwe kidogo, itakuwepo mwaka ujao isipoondolewa. Mbegu iliyo juu ya moshi hailiwi na wadudu mara moja. Inaliwa kidogo kidogo, na mwenye nyumba anagundua siku ya kupanda.

Pia kuna suala la mitokondria. Seli shina ya damu inayolala hutunza mitokondria yake katika hali ya utulivu. Mitokondria zikizidi na kuchangamka, seli huacha hali yake ya ushina na kuelekea kuwa seli ya kawaida. Kwa hiyo otofaji inafanya zaidi ya kufagia: inaishikilia seli katika usingizi wake.

Ushahidi ulio wazi unatokana na panya walioondolewa jeni za otofaji kwenye seli za damu. Wale walioondolewa jeni iitwayo Atg7 walipata upungufu mkubwa wa damu na kufa mapema. Wale walioondolewa Atg12 walikuwa bado vijana, lakini seli shina zao zilifanana na za panya wazee: mitokondria nyingi, matumizi makubwa ya nguvu, na uwezo mdogo wa kujizalisha upya.

## Uzee

5. Nini hasa hutokea kwa seli shina mtu anapozeeka?

Inategemea ni seli shina za wapi, na hapa watafiti wamepata mambo matatu tofauti.

Kwenye damu, kikundi cha Emmanuelle Passegué kilichapisha mwaka 2017 matokeo ambayo mimi huyarudia kila nipatapo nafasi. Walichunguza seli shina za damu za panya wazee na kukuta hazifanani. Karibu theluthi moja zilikuwa bado zinajisafisha kwa bidii, na hizo zilifanya kazi karibu sawa na za panya vijana. Theluthi mbili zilizobaki ndizo zilizochoka. Umri ulikuwa uleule, uloto uleule, lakini hali tofauti.

Kwenye misuli, Pura Muñoz-Cánoves na wenzake huko Barcelona walionyesha mwaka 2016 kwamba seli shina za panya wakongwe zimejaa mitokondria mbovu. Zikiitwa kutengeneza msuli ulioumia, haziamki. Zinaingia katika hali ya uzee wa seli: hai, lakini hazigawanyiki tena. Walipozirudishia otofaji, baadhi zilipata tena uwezo wa kutengeneza msuli. Kabla ya hapo wengi tuliamini seli ikifika hapo imefika.

Kwenye ubongo, kikundi cha Anne Brunet huko Stanford kilionyesha mwaka 2018 kwamba seli shina za ubongo wa panya zilizolala huhifadhi mabonge ya protini ndani ya lisosomu kubwa. Uzeeni lisosomu hizo hudhoofika, mabonge yanabaki, na seli zinashindwa kuamka. Kuziimarisha lisosomu kuliwasaidia panya wazee kuamsha seli shina zaidi.

6. Kwa hiyo seli shina huisha uzeeni?

Si lazima. Kwenye misuli hupungua. Kwenye damu ya panya wazee idadi huongezeka, ila ubora wa kila moja unashuka. Ghala limejaa, lakini mbegu nyingi hazioti.

7. Kwa nini usafi wenyewe unapungua?

Sababu ni zaidi ya moja. Lisosomu hupoteza makali ya tindikali yake. Kifaa cha seli kinachoitwa mTOR, ambacho kazi yake ni kutambua chakula kipo na kuamuru ukuaji, kinabaki kimewashwa hata pasipohitajika, nacho huzuia otofaji. Usafi hutegemea pia protini iitwayo FOXO3, ambayo kwenye seli shina za damu huweka tayari jeni za kujisafisha ili zifanye kazi haraka njaa ikija.

Na kuna mzunguko mbaya. Taka zikizidi huharibu lisosomu, na lisosomu zikiharibika taka huzidi.

8. Ina maana tukirekebisha usafi, uzee umekwisha?

Hapana. Vinasaba hukusanya hitilafu ambazo otofaji haiwezi kuzifuta. Watu wengi wenye zaidi ya miaka 70 wana sehemu ya damu inayotokana na seli shina moja iliyobadilika na kuzidi nguvu nyingine.

Mazingira nayo yanahesabika. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliunganisha miili ya panya mzee na ya panya kijana ili damu zao zichanganyike, na misuli ya mzee ikapona vizuri zaidi. Seli zake zilikuwa zilezile, kilichobadilika ni ujumbe uliozifikia kupitia damu. Mkulima wa Bahi hahitaji kuelezwa hili kwa kirefu: mbegu nzuri kwenye udongo uliochoka haitoi mavuno.

Hata hivyo, mwaka 2023 wanasayansi waliopitia upya orodha yao ya alama za uzee waliipa hitilafu ya otofaji nafasi yake yenyewe. Kuchoka kwa seli shina tayari kulikuwemo.

## Chakula, kufunga na mazoezi

9. Nikifunga Ramadhani au Kwaresima, seli zangu shina zinajisafisha?

Ninaulizwa hili kila mwaka, misikitini na makanisani. Kufunga ni ibada, na thamani yake haingojei maabara. Nikijibu upande wa seli tu: njaa huchochea otofaji, hilo halina ubishi kwa hamira, kwa minyoo na kwa panya. Seli shina za utumbo wa panya waliokaa saa 24 bila kula zilianza kuunguza mafuta badala ya sukari, na zikajizalisha vizuri zaidi.

Tatizo liko kwenye kipimo. Panya ni mdogo na moto wake wa mwili ni mkali. Siku moja bila chakula humpunguza uzito kwa kiasi ambacho binadamu angehitaji siku nyingi kukifikia. Saa 13 hivi za saumu ya Dodoma haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na saa 24 za panya. Halafu, kinachotokea baada ya kufungua kina uzito wake. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba seli shina za utumbo huchangamka sana wakati wa kula tena, na kwamba kama tayari kuna jeni ya saratani iliyowashwa, uvimbe unaweza kuanza kwa urahisi zaidi kipindi hicho.

Mwenye kisukari anayetumia dawa, mjamzito, mwenye selimundu na mzee aliyekonda wasifunge kwa ajili ya "kusafisha seli". Kwa mwenye selimundu, kukosa maji peke yake kunaweza kuleta maumivu makali.

10. Zabibu zetu na mvinyo wa Dodoma vinasaidia?

Ganda la zabibu lina kemikali iitwayo resveratroli, ambayo maabarani imechochea otofaji kwenye seli. Ndiyo asili ya habari zinazosambaa. Lakini lita nzima ya mvinyo mwekundu huwa na miligramu chache tu za kemikali hiyo, na panya wa kawaida waliolishwa kiasi kikubwa kuliko hicho hawakuishi muda mrefu zaidi. Pombe yenyewe huumiza seli shina za damu, hasa ikiwa nyingi.

Zabibu za Dodoma ni tamu na zinalisha familia nyingi huku. Kula zabibu kwa sababu hiyo.

11. Kuna chakula chochote kinachojulikana?

Spamidini ni kemikali iliyomo katika jamii ya kunde, soya, uyoga na kiini cha ngano, na kwenye panya imeamsha otofaji, pamoja na kwenye seli shina za misuli tulizozitaja swali la 5. Mtu anayekula ugali wa uwele au mtama kwa kunde na mlenda anakula chakula kizuri kwa sababu nyingi. Kukiita tiba ya seli shina ningekuwa nadanganya.

12. Na mazoezi?

Hapa nina moyo zaidi. Kikundi cha Beth Levine kilionyesha mwaka 2012 kwamba panya wanaokimbia huongeza otofaji kwenye misuli na moyo, na wale waliotengenezwa wasiweze kuiongeza walikosa sehemu ya faida ya mazoezi, ikiwemo udhibiti wa sukari. Kwa binadamu, faida za mazoezi uzeeni zinajulikana hata bila kutaja otofaji. Bibi anayelima bustani yake kila asubuhi anautumia msuli wake, na msuli unaotumika huziita seli zake shina kazini.

## Dawa, hospitali na wauzaji

13. Kuna dawa ya kuongeza otofaji?

Inayojulikana zaidi ni rapamisini. Ilipatikana kwenye bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, kutoka sampuli iliyochukuliwa mwaka 1964. Huizima mTOR (swali la 7). Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba panya walioanza kupewa wakiwa na siku 600, umri mkubwa kwa panya, waliishi zaidi: majike kwa asilimia 14 na madume kwa asilimia 9, kwa kipimo cha wale waliofika umri wa juu kabisa.

Kwa binadamu dawa hii hutumika kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa, maana yake inapunguza kinga. Husababisha vidonda vya mdomo, huongeza mafuta kwenye damu, na huchelewesha vidonda kupona. Hilo la mwisho lina mantiki yake. Seli shina inahitaji usafi ili ilale salama, lakini inahitaji mTOR ili iamke na kujenga. Ukiizima mTOR moja kwa moja, unaizuia seli isiamke. Mwili unahitaji zamu za vyote viwili.

14. Kuna watu wanauza vidonge na unga wa "seli shina". Ninunue?

Usinunue. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu mjomba wangu wa Mpwapwa aliuza mbuzi wawili kununua pakiti za unga alizoambiwa zitampa "seli shina mpya" za magoti. Magoti yalibaki vilevile na mbuzi hawakurudi.

Seli shina ni seli hai. Haiwezi kukaushwa ikawa unga, ikakaa kwenye joto la sanduku la bodaboda, kisha ikamezwa, ikapita tumboni na kufika gotini ikiwa nzima. Chochote kilichomo kwenye pakiti hiyo kitameng'enywa kama chakula kingine. Na anayedai unga wake "unaamsha otofaji" hawezi kukuonyesha kwamba otofaji imeamka ndani yako, kwa sababu iliyoko swali la 18.

Ukimwona mzee wako ameanza kununua, usimkemee mbele ya watu. Kaa naye, uliza kinachomuuma ni nini, mpeleke hospitali.

15. Upandikizaji uloto unaofanyika Dodoma ni jambo hilohilo?

Huo ni tiba halisi ya seli shina. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Seli shina za mtoto zinazotengeneza chembe zenye umbo la mundu huondolewa kwa dawa kali, kisha anapewa za ndugu yake aliyelingana naye. Zinapita kwenye damu na zenyewe zinajua njia ya kurudi kwenye mifupa.

Huduma hiyo haihusu kuzuia uzee. Ila mada zinakutana mahali pamoja: madaktari duniani kote hupendelea mtoaji kijana inapowezekana, kwa kuwa seli shina zenye umri mdogo hutoa matokeo bora.

## Maswali ya pembeni

16. Otofaji nyingi inaweza kudhuru?

Inaweza. Kabla saratani haijaanza, usafi huzuia, kwa sababu unaondoa mitokondria zinazoharibu vinasaba. Saratani ikishaanza, seli zake hutumia otofaji hiyohiyo kuvumilia njaa na dawa. Mgonjwa wa saratani asijaribu kuichochea wala kuizuia bila daktari wake.

17. Ni jambo la wazee tu?

Hata kidogo. Panya wachanga wasio na jeni ya otofaji huonekana wa kawaida wanapozaliwa, kisha hufa ndani ya siku moja hivi. Kitovu kikikatwa, chakula cha mama kimekatika na maziwa hayajaanza kutosha, na katika saa hizo kichanga huishi kwa akiba ya seli zake mwenyewe.

18. Naweza kupimwa otofaji hospitali?

Kwa sasa hakuna kipimo cha kawaida cha hospitalini. Ugumu ni kwamba mafungu ya taka yakionekana mengi, huenda usafi umeongezeka, au huenda lisosomu zimeziba na foleni imekuwa ndefu. Picha moja haitofautishi hayo mawili.

19. Nimesoma kwamba klorokwini huzuia otofaji. Sisi tuliimeza utotoni. Tuliharibu seli zetu shina?

Ni kweli huzuia. Huingia kwenye lisosomu na kupunguza tindikali yake, na maabara nyingi huitumia kwa kazi hiyohiyo. Kila aliyekulia Tanzania kabla ya mwaka 2001, ilipoachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria, anaikumbuka kwa uchungu wake na kuwashwa kwake.

Lakini dozi ya malaria ilikuwa ya siku 3, na malaria isiyotibiwa huvunja damu na kuua. Klorokwini hutoka mwilini taratibu, kwa wiki hadi miezi, kisha huisha, na lisosomu hutengenezwa upya. Mwenye ugonjwa wa viungo au lupasi (kinga kuushambulia mwili wenyewe) anayetumia dawa iliyo jamaa ya klorokwini, haidroksiklorokwini, aendelee nayo kama alivyoandikiwa, na ahudhurie kupimwa macho kila anapopangiwa.